Incubator niliyoinunua Makambako enzi za Mwingereza, na kware wa Yudita

Wakuu, kamwene.

Vijana, shikamoo zenu nimezipokea kabla hamjazitoa, maana nadhani humu ndani nimewazidi wote umri. Nakaribia tisini. Naandika kwa kidole kimoja na maandishi ya simu nimeyakuza mpaka neno moja linajaza kioo. Nikikosea herufi mnivumilie.

Juzi kijana mmoja kaleta uzi hapa anauliza incubator ipi inafaa kwa kutotolesha mayai ya kware nyumbani. Majibu yamejaa. Huyu anasema chukua ya automatic, yule anasema ya solar, mwingine anauza zake mwenyewe lakini anajifanya mteja aliyeridhika.

Nimesoma zote mpaka chai yangu ikapoa. Hakuna aliyemuuliza huyo kijana swali la maana hata moja.

Nikapata hasira. Ndiyo nimeamua kuandika hili ambalo hata watoto wangu sijawahi kuwasimulia lote. Siyo chai, wakuu, ni kweli tupu. Karibu wote waliokuwepo wameshakufa, nimebaki mimi na mashine. Ndiyo, mashine bado ninayo.

Twende taratibu.

Ilikuwa miaka michache kabla ya Uhuru. Mimi nilikuwa karani kwenye shamba la miwati nje kidogo ya Njombe. Kazi yangu ilikuwa kupima magome ya miti hiyo, kuandika uzito, kusaini. Nilimaliza darasa la nane, na nawaambia, wakati ule darasa la nane lilikuwa kitu. Kijijini kwetu barua zote za Kiingereza zilikuja kwangu. Mtu akipata karatasi ya serikali anakuja nayo ameikunja kwenye kitambaa, anasubiri nje mpaka nimalize kula.

Nilipenda sana jambo hilo. Lishikeni, mtalihitaji mbele.

Sisi ni Walutheri, na nyumbani kwetu neno zito kuliko yote lilikuwa "imeandikwa". Baba yangu, marehemu, alikuwa mzee wa kanisa. Ubishi wowote mezani ulikwisha akisema imeandikwa. Hata kama ni ubishi wa viazi. Nikakua nikijua kwamba kilichoandikwa hakibishwi, na anayejua kusoma naye habishwi.

Mke wangu aliitwa Yudita, mtu wa Matembwe kule Lupembe. Alipoolewa alikuja na sanduku la nguo, jembe, na tenga lenye kware sita.

Watu walicheka. Bibi harusi na ndege wa porini!

Lakini Yudita aliwajua kware kuliko mtu yeyote niliyewahi kumwona. Tangu mtoto alikuwa akiokota mayai yao kwenye mashamba ya ulezi wakati wa kuvuna, anayaweka chini ya tetea mdogo. Akitaka kujua kama yai lina joto linalotosha analigusisha kwenye kope ya jicho, anafumba, anatulia kidogo. Halafu anasema "bado" au "sawa". Hakuwa na kipimo kingine.

Akawafuga nyuma ya jiko letu, kwenye kibanda alichokisuka mwenyewe kwa mianzi. Wakataga. Watu wakaanza kuja kuomba mayai, hasa wenye watoto wa kifua. Kule kwetu baridi ya mwezi wa sita na wa saba inaua watoto kwa kikohozi, na watu waliamini yai la kware linasaidia. Sijui kama linasaidia, mimi siyo daktari. Nasema walikuja. Wengine walitembea tangu alfajiri, wanaingia uani wanasema kamwene, wanamuulizia mama kware.

Hilo "mama kware" lilikuwa na uzito wake. Tulikuwa na mwaka wa tatu wa ndoa na hatukuwa na mtoto.

Mama yangu mzazi tuliishi naye uwanja mmoja. Hakuwa mtu mbaya, ila ulimi wake ulikuwa na makali. Asubuhi kware wakianza kulia anasema kwa sauti ya kusikika, "Nyumba hii inalia ndege tu." Ndugu zangu nao walishaanza kuniambia nimrudishe kwao, kwamba mchungaji ataelewa.

Yudita alijua. Siku moja tunachambua maharage akaniambia bila kuinua macho, "Karani, mimi hapa nina wewe na nina kware. Wewe ndugu zako wanakuvuta. Kware hawavutwi na mtu." Alikuwa ananiita Karani kwa utani.

Nilicheka. Sikujua kwamba ananiambia kitu kizito.

Sasa shida ya kware ni hii, wanaofuga mnaijua. Kware wa kufungiwa hataki kulalia. Anataga, anaacha, anaenda zake. Yudita alitegemea kuku, na kuku ni mzito, yai la kware ni kama kokwa la parachichi dogo, linapasuka. Katika mayai kumi anapata vifaranga watatu, wanne kama Mungu yuko karibu. Akatamani njia nyingine. Mimi ndiye niliyemwambia Wazungu wana mashine inayokaa badala ya kuku.

Macho yake yalivyong'aa siku ile, wakuu, nayaona mpaka leo.

Tukapata mashine mbili za kuchagua. Hapa ndipo kijana mwenye swali lake asome vizuri.

Ya kwanza ilikuwa ya fundi seremala pale Njombe mjini, fundi Yohana, mzee mfupi mwenye kikohozi. Alitengeneza kisanduku cha mbao za makasha, ndani amekipigilia blanketi kuukuu, juu kuna debe la maji ya moto unalibadilisha kwa mkono asubuhi na jioni. Trei yake aliitandika kitambaa cha gunia. Kwa sura kilikuwa kama sanduku la kuwekea viatu.

Nilipokwenda kukiona, fundi Yohana hakukisifia. Aliniuliza, "Mayai ya ndege gani?"

Nikamwambia kware.

"Yanalaliwa siku ngapi?"

Nikamwambia mayai ni mayai.

Akasema tu, "Kamuulize mwenye ndege, halafu urudi."

Nikaona dharau. Karani wa shamba la miwati anaulizwa maswali na seremala asiyejua hata kuandika jina lake! Nikaondoka.

Ya pili ilikuwa Makambako, kwa Mzungu mmoja aliyekuwa na shamba na alikuwa anajiandaa kurudi kwao. Makambako ya wakati ule haikuwa hii mnayoiona, ilikuwa njia panda na maduka machache, na upepo. Upepo peke yake ndio haujabadilika.

Mashine ile ilikuwa kabati! Mbao nyekundu iliyong'arishwa, miguu minne, taa ya mafuta ya taa pembeni na bomba la shaba, kipimajoto chenye namba, mlango wenye kioo kidogo. Na kitabu. Kitabu cha Kiingereza chenye picha ya mashine yenyewe kwenye jalada.

Mke wa yule Mzungu alinionyesha kila kitu kwa dakika chache, akanikabidhi kitabu, akasema everything is in the book. Kila kitu kimo kitabuni.

Hakuniuliza mayai ya ndege gani. Aliniuliza kama kweli nina kware hai, maana alitaka kuwala kabla hajaondoka Tanganyika.

Ndiyo biashara ilivyokuwa. Mashine kwa kware wa Yudita. Wakubwa wote, majike na madume.

Nilirudi nyumbani nikamweleza. Wakuu, nataka mjue kwamba sikumnyang'anya. Afadhali ningemnyang'anya. Nilimkalisha, nikamfungulia kitabu, nikamwonyesha picha. Nikamwambia tunayo mayai yako hamsini na kitu kwenye pumba, tutayaweka yote kwa pamoja, kabla ya mwezi kwisha utakuwa na kware mara nne ya hawa.

Akauliza, "Na kitabu kinasema hivyo?"

Nikasema, "Imeandikwa."

Akawakamata mwenyewe, mmoja mmoja, akawaweka kwenye tenga lile lile alilokuja nalo. Nikawapeleka Makambako kwa lori la magome. Nikarudi na kabati, na tenga tupu.

Sasa niseme ukweli ambao ulinichukua miaka mingi kuukubali. Kiingereza changu kilikuwa cha kupima magome. Weight, date, total, sign here. Kile kitabu nilikielewa nusu kwa nusu, na kurasa za mbele tu. Nilipofika mahali pagumu niliruka. Nilipofika katikati nilichoka, nikafunga. Lakini jioni nilikaa nacho mbele ya taa, nafunua kurasa polepole, natikisa kichwa, ili mama na Yudita waone nasoma.

Kuna vijana humu wananunua mashine leo, wanasoma ukurasa wa kwanza wa manual halafu wanakuja kutufundisha. Nawajua. Mimi ndiye babu yenu.

Tukaweka mayai siku ya Jumamosi. Nikayageuza mimi, asubuhi kabla ya kazi na jioni. Kipimajoto kikasimama kwenye mia na tatu za Fahrenheit kama kitabu kilivyotaka. Nilijiona injinia.

Siku ya tano nikamkuta Yudita amefungua mlango, ameweka yai kwenye kope. Nikafoka. Kitabu kilikuwa kimesema wazi, hapo nilielewa vizuri, kwamba mlango usifunguliwe ovyo.

Akasema, "Nilikuwa nawasalimia tu."

Kesho yake nikatoa kufuli la ghala, nikalifunga kwenye kikomeo cha mlango wa mashine. Ufunguo nikauweka mfukoni.

Nadhani wengi mmeshaona tunakoelekea. Ngoja nipumzike macho kidogo, nitaendelea.

Nimerudi.

Jumanne ya wiki ya tatu, asubuhi, tunakunywa uji, tukasikia sauti ndani ya kabati. Ndogo sana, kama mtu anasugua vijiti viwili. Halafu nyingine. Halafu nyingi.

Yudita alisimama akaangusha kikombe. Akacheka kwa sauti, kitu ambacho wanawake wetu wa zamani hawakufanya mbele ya mama mkwe. "Wamekuja! Fungua, Karani, wamekuja!"

Ilikuwa siku ya kumi na saba.

Nami nikakumbuka kitabu. Huu ndio ukurasa nilioujua kuliko zote, kwa sababu uliandikwa kwa herufi nene. Ulisema ukisikia sauti ya kwanza, funga mlango, na usiufungue kwa sababu yoyote mpaka siku ya ishirini na moja, la sivyo vifaranga watakufa.

Nikamwambia mpaka Jumamosi.

"Jumamosi ipi?" akasema. "Kware hamalizi juma la tatu. Huyu siyo kuku. Amekuja leo, anataka maji leo."

Nikamwambia imeandikwa.

Akanishika mkono wa koti. Hakuwahi kunishika hivyo mbele ya watu. "Nakuambia. Mimi nawajua hawa."

Nikatoa mkono wangu, nikaenda kazini na ufunguo.

Jumatano walilia kutwa. Kioo kilikuwa na ukungu wa maji, unaona vivuli tu vinakimbia kimoja juu ya kingine. Yudita hakwenda shamba. Aliketi chini mbele ya kabati na kazi yake ya kusuka mkeka, hakusuka hata jani moja.

Alhamisi mama yangu alikuja. Yule yule wa "nyumba inalia ndege tu". Akasimama mlangoni, akasikiliza, akaniambia, "Mwanangu, fungua. Hawa wanaomba."

Ilikuwa mara ya kwanza kuwaona wale wawili wamesimama upande mmoja. Ningekuwa na akili ningefungua kwa ajili ya hilo tu. Lakini mimi niliona nimezungukwa na wanawake wasiojua kusoma wanaotaka kuniharibia kazi. Nikawasomea ule ukurasa kwa Kiingereza, kwa sauti, kama mchungaji. Wangesema nini?

Ijumaa sauti zilipungua. Nikawaambia mnaona, wameshiba usingizi.

Jumamosi asubuhi hapakuwa na sauti.

Nilisubiri mpaka saa ile ile tuliyoyaweka, saa nne, kwa saa yangu ya mkononi. Nikafungua kufuli.

Sitaeleza sana. Trei ya mashine ile ilikuwa na nafasi kwa mbele ili kifaranga wa kuku aliyekauka ashukie chini. Chini kulikuwa na sinia la maji ya unyevu. Kifaranga wa kware ni mdogo kama ncha ya kidole gumba. Wengi walikuwa wamepenya katikati ya nyaya za trei wakaangukia kwenye maji. Waliobaki juu walikuwa wamekauka kama maua. Tuliwatoa arobaini na wanne.

Kumbe karibu mayai yote yalikuwa mazuri! Mashine ilifanya kazi yake vizuri kabisa.

Mmoja alikuwa bado anapumua. Yudita alimtia kifuani ndani ya nguo, akakaa naye juani. Kabla ya mchana alimtoa akamweka pamoja na wenzake kwenye ungo.

Akaniambia neno moja tu. "Nilikuambia."

Hakulia, hakufoka. Afadhali angenipiga.

Kesho yake alikwenda ibadani, akaimba. Jumatatu nimerudi kutoka kazini, tenga halipo. Mama alikuwa amekaa kwenye kizingiti, akaniambia, "Mkamwana wangu ameondoka, na sikumzuia." Hakunipa chakula siku ile.

Nikakaa wiki mbili nikisubiri atajirudi mwenyewe. Ndiyo, nilikuwa na jeuri hata hapo. Halafu nikapanda lori la mbao mpaka Matembwe, na kaka yangu mkubwa kama desturi, na jembe la kuombea radhi.

Baba mkwe alitupokea vizuri. Tukapewa viti, tukapewa togwa. Tukasalimiana, kamwene, kamwene, habari za mvua, habari za viazi. Halafu akanigeukia mimi.

"Mkwe wangu, kitabu umekuja nacho?"

Nikasema, "Hapana, baba."

"Sasa nani atakuambia la kufanya hapa?"

Hakuna aliyecheka. Kaka yangu aliinamisha kichwa. Mimi nikaiweka togwa chini.

Yudita aliitwa. Akakaa mbali kidogo, karibu na mama yake. Nikaomba radhi. Halafu, kwa upumbavu wangu, nikaongeza, "Lakini wewe ulikuwa nyumbani kutwa. Kufuli lile la ghala jiwe moja linalivunja. Mbona hukuvunja?"

Akanitazama kwa mara ya kwanza tangu nifike.

"Ningevunja, wangekufa hata wawili, ungesema nimewaua mimi. Na mama na ndugu zako wangekuamini, kwa sababu wewe ndiye unayesoma. Nikaona bora wafe kwa mkono wako."

Halafu akasema jambo jingine ambalo sitaliandika hapa. Ni langu.

Hakurudi. Jembe tulirudi nalo. Baadaye niliambiwa ameolewa Lupembe huko huko, na akazaa. Watano. Kwa hiyo na lile la mtoto, ndugu zangu walikuwa wakimsema bure, na mimi nilikuwa nimenyamaza bure.

Mimi nilioa tena, mwanamke mwema, mama wa watoto wangu, naye ametangulia. Aliijua habari hii nusu. Kabati alilifanya la vyombo. Kila akilipangusa mimi nilitoka nje.

Sasa mnisikilize, sehemu ya mwisho, nayo ni ya mwaka huu.

Mjukuu wangu Neema anaishi Makambako, ana duka dogo la vipodozi. Akasema babu, nataka kufuga kware, nishauri incubator. Nikamshauri, tena vizuri. Nikamwambia usinunue kabla hujajua trei ina matundu ya ukubwa gani, tandika kitambaa. Maji yasiwe mahali kifaranga anaweza kufika, au yawekee changarawe. Kipimajoto kiwe usawa wa yai lenyewe, yai la kware ni fupi, kikipima juu kinadanganya. Na muuzaji asiyekuuliza ni mayai ya ndege gani, mkimbie. Mambo yote haya nimeyajua kwa gharama, yachukueni bure.

Akanunua ya umeme, ndogo, safi. Siku moja akaja kwangu akaona kile kitabu cha zamani ndani ya kabati. Akakifunua kuanzia nyuma, kama vijana wanavyofanya. Akasema, "Babu, mbona kware wamo?"

Ukurasa wa mwisho kabisa. Orodha ya ndege wengine. Bata, bata mzinga, kanga, na kware. Siku kumi na saba.

Kimekaa nyumbani kwangu karibu maisha yangu yote, wakuu. Sikuwahi kufika huko.

Mwezi uliopita nilikuwa kwa Neema. Siku ya kumi na saba ya mayai yake akaniambia anakwenda dukani kupokea mzigo. "Babu, wakianza kulia usifungue. Unyevu ukitoka, ambao hawajamaliza kutoka watanasa kwenye ganda. Nitawatoa mwenyewe saa nane."

Nikasema sawa mama.

Saa tano wakaanza kulia.

Nilikaa. Naapa nilikaa. Nikawasha redio, nikaizima. Nikatoka nje, bado nawasikia. Sauti ni ile ile, ya vijiti viwili.

Nikafungua.

Nikawatoa kwa mikono hii miwili, nikawaweka kwenye boksi, nikawapa maji, huku nawaambia polepole, polepole, mmefika. Nililia kama mtoto. Mlango wa nyumba ulikuwa wazi na upepo wa Makambako mnaujua.

Neema aliporudi, kumi na wanane walikuwa wazima. Tisa walikuwa wamekaukia ndani ya maganda, nusu ndani nusu nje, vile vile alivyosema.

Hakunifokea. Alipiga magoti pale kwenye mashine, akajaribu kuwasaidia kwa maji ya vuguvugu na pamba. Haikusaidia. Halafu akasema, polepole, bila kunitazama:

"Babu, nilikuambia."

Basi.

Nilikuwa nimejifunza, wakuu. Miaka yote hiyo nilijua nimejifunza kwamba kinacholia kinafunguliwa. Kumbe somo halikuwa hilo. Mara zote mbili mwenye mayai aliniambia la kufanya, na mimi nikafanya langu.

Kijana mwenye swali la incubator, jibu langu ni hili. Nunua yoyote yenye trei ndogo na kipimajoto kisichoongopa, zote zinatotolesha. Halafu angalia nyumbani kwako nani anawajua hao ndege. Ufunguo mpe huyo.

Neema amenisamehe, ananipigia kila Jumapili. Ila ameweka mashine chumbani kwake na mlango anaufunga. Sijamuuliza.

Mwenye la kusema aseme, mwenye swali la kiufundi nitamjibu nikipata mtu wa kunisomea herufi ndogo. Na mnaotaka kunilaumu pangeni foleni kwa ustaarabu. Aliye mbele kabisa kwenye hiyo foleni ni mimi.